Mistari Isiyochapwa

Mara ya mwisho Tamsin Okines kuzungumza na mumewe kabla dishi halijavunjika, alimdanganya.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, Juni imeanza, theluji imeushika mlima wa kunanyi, ulio juu ya mji wa Hobart, mpaka kiunoni. Tamsin alikuwa amesimama jikoni kwake, South Hobart, kisiwani Tasmania, simu sikioni, uji ukimpoa mezani. Bram, mumewe, alikuwa huko chini kabisa, Antaktika, kwenye kituo cha utafiti ambacho meli ya mwisho ilikiaga Machi na nyingine isingefika hadi Novemba. Alikwenda kupima jinsi mawimbi ya bahari yanavyopenya chini ya barafu na jinsi barafu inavyoyachosha. Sauti yake ilikuwa ikifika kwa kuchelewa, hivyo kila mara mmoja wao alianza kusema mwenzake akiwa hajamaliza.

"Wameniomba nibaki," Bram alisema.

"Ubaki wapi?"

"Hapa. Mwaka mwingine mzima. Yule jamaa wa kunipokea zamu ameanguka akavunjika nyonga, hawana mtu. Wanataka jibu upesi." Kisha akauliza, "Wewe wasemaje?"

Tamsin aliutazama uji wake. Akakisukuma kijiko kando.

"Fanya unavyoona. Mimi niko sawa."

"Kweli, Tam?"

"Kweli bwana. Kwani mimi mtoto?"

Wiki ileile dhoruba ilipiga kituo, ikaling'oa dishi kubwa la setilaiti na kulitupa juu ya theluji kama sahani ya bati. Kilichobaki ni antena ya akiba, na antena ile ilikuwa na koo jembamba. Simu zikaachwa kwa ajili ya dharura tu. Barua za nyumbani zikapimwa kwa mistari. Picha hazikupita, wala sauti. Faili za kazi zilipita, mradi ziwe maandishi matupu, herufi baada ya herufi, bila pambo lolote.

Hapo ndipo tasnifu ya Bram ikawa daraja lao la pekee.

Alikuwa ameiandika miaka minne, na haikuweza kungoja. Msimamizi wake, Profesa Sunethra Wickramage, angestaafu mwisho wa mwaka, naye alikwishasema waziwazi kwamba tasnifu isipofika kwa watahini mwisho wa Agosti, Bram atafute msimamizi mwingine aanze kumweleza upya barafu ni nini. Kabla hajaondoka, mume na mke walipatana: Bram ataandika huko, maandishi matupu, naye Tamsin, ambaye ni mwalimu wa hesabu sekondari, atayapokea nyumbani na kuyapitisha kwenye programu ya kupanga chapa, yatoke kurasa safi kama za kitabu.

Bram alikuwa na mtindo wake. Watu wengi wakiandika hesabu kwa kompyuta huandika maagizo: hapa weka alama ya kujumlisha, hapa weka ndogo-kuliko. Bram hakutaka. Aliipanga kibodi yake ili kila alama iingie yenyewe kama ilivyo, ∑ na ∇ na ≲ na herufi zote za Kigiriki, hata ukifungua faili lake unaona hesabu kamili, kana kwamba ameandika ubaoni kwa chaki. "Nikisoma nataka nione chakula," alikuwa akisema, "siyo maelekezo ya kupika."

Tena kulikuwa na mistari inayoanza na alama ya asilimia. Programu ya chapa ikikuta alama hiyo huuruka mstari uliosalia, haiuchapi. Waandishi huitumia kujikumbusha mambo. Bram alikuwa akiandika: *% hapa pana shimo, ziba.* Au: *% Sunethra hatalipenda hili.* Lakini baada ya dhoruba, faili lilipofika, Tamsin alikuta katikati ya sura ya pili, chini ya mlinganyo mrefu:

*% Tam, leo mpishi kaunguza mkate. Harufu ikanipeleka jikoni kwa mama, nikasahau niko wapi.*

Alicheka peke yake. Kisha akaandika chini yake: *% Mama yako anasema hajawahi kuunguza mkate maishani mwake. Nimemwambia. Amekasirika.* Akalirudisha faili.

Ndivyo walivyoishi Juni na Julai. Faili lilikwenda na kurudi, sura zikinenepa, na katikati ya milinganyo mistari ya asilimia ikaongezeka. Bram aliandika kuhusu jua lililogoma kutoka, na fundi wa mitambo anayeimba akiwa bafuni, na miguu yake isiyopata joto kitandani. Tamsin aliandika kuhusu jirani aliyenunua jogoo. Jambo moja tu halikuandikwa. Yeye hakuuliza, "Umewajibuje?" Na Bram hakusema.

Katikati ya Julai Tamsin alizichapa sura tatu za kwanza. Alichagua fonti nzuri, yenye herufi nyembamba za kizamani zilizonyooka kama askari, akazipeleka kurasa kwa Profesa mwenyewe, kifua mbele.

Baada ya siku mbili Profesa alimwita ofisini kwake. Alikuwa mama mdogo wa umbo, nywele zimejaa mvi, sweta juu ya sari, na hita ya umeme chini ya meza iliyokuwa ikimchoma visigino. Alimsukumia ukurasa.

"Nisomee hapa."

Tamsin alisoma. "Urefu wa wimbi... unene wa barafu."

"Enhe. Urefu wa wimbi, halafu pengo, halafu unene wa barafu. Ni mdogo kuliko? Ni mkubwa kuliko? Wameoana? Wamegombana?" Profesa aliinua miwani. "Mumeo ameniletea milinganyo iliyong'oka meno."

Uso wa Tamsin ukawaka. "Kwenye kompyuta zipo, Profesa. Nilizitazama zote."

"Sina shaka zipo. Kwenye karatasi hazipo, na mimi nasoma karatasi." Kisha akalegeza sauti. "Usinune. Fonti yako ni nzuri kweli. Ila haikufundishwa hesabu."

Alirudi nyumbani akawasha jiko la kuni, akafungua faili, akaliona kosa. Kila alama duniani, iwe herufi ya Kithai au ndogo-kuliko, ina namba yake ndani ya kompyuta. Fonti ni kama sanduku la mihuri: ikiwa muhuri wa namba hiyo haumo, programu huacha nafasi tupu na kwenda zake. Husema, lakini husema kwa kunong'ona, ndani ya mlolongo mrefu wa taarifa ambao hakuna anayeusoma. Tamsin naye hakuusoma.

Basi akaanza kazi ambayo hakuipanga. Aliamua kutengeneza kanuni zake: programu ikikuta alama hii ya Bram, ibadilishe iwe agizo ambalo yenyewe inalielewa, kisha ndiyo ichape. Kanuni kwa kila alama. Alidhani ni kazi ya jioni moja. Zikapita nyingi.

Maana alama zina mapacha. Kulikuwa na ∑ ya kujumlisha na Σ ya Kigiriki. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni watu wawili wasiojuana, na Bram alitumia yoyote iliyokuwa karibu na kidole. Kulikuwa na kofia. Bram alipenda kuvisha herufi kofia ndogo kuonyesha kwamba ni makadirio, na kofia ile huandikwa kama alama ya pili inayoifuata herufi. Programu iliivua ikaivisha herufi ya jirani, na hivyo unene uliokadiriwa ukawa unene halisi, na kasi halisi ikawa ya kubahatisha. Mbaya kuliko zote ni vile viboksi vitupu. Mahali pengine kiboksi kilikuwa cha Bram mwenyewe, alama ya kusema uthibitisho umekwisha. Mahali pengine kompyuta ndiyo iliyochora kiboksi kwa sababu haikuwa na sura ya alama aliyoiandika. Vyote vilifanana. Ilimbidi akiguse kila kimoja na kuuliza namba yake.

Katika kazi hiyo alianza kumsikia Bram. Hilo hakulitarajia. Miaka tisa ya ndoa alikuwa ameitazama hesabu ya mumewe kwa mbali, kama mtu anavyotazama bustani ya mwenzake kupitia uzio. Sasa alikuwa ndani, akipita mche kwa mche. Alijua alipochoka, kwa sababu alianza kukosea kofia. Alijua alipofurahi: sentensi zilifupika na alama zikabanana kama watoto wanaokimbilia mlango mmoja. Jioni moja alipofika mwisho wa uthibitisho mgumu wa sura ya tatu na kuona kiboksi kile, cha kweli, chenye namba yake halali, aligundua machozi yanamtoka. Alijisonya. Nani analia kwa sababu ya mraba?

Jumamosi alikwenda Kingston, kusini kidogo ya Hobart, kwa mama mkwe wake, kompyuta kwapani. Griet Vandersluys alikuwa na miaka sabini na nane na bado aliogelea baharini kila asubuhi, Julai hiyohiyo ya baridi kali, halafu akalaumu maji ya Tasmania kwamba hayana baridi ya kutosha. Alikuwa na sufuria ya supu ya njegere motoni, nzito kiasi kwamba kijiko kilisimama chenyewe.

"Kula," alisema. "Umekonda kama uma."

"Nakula, Mama."

"Unakula nini? Alama?" Griet aliinama juu ya skrini, pua karibu na kioo. "Hii pembetatu iliyopinduka ndiyo nini?"

"Inaonyesha kitu kinaongezeka upande gani. Mlima unapandia wapi."

"Na amekwenda mpaka Antaktika kutafuta mlima unapandia wapi, wakati upo hapo dirishani." Alijikalisha. "Amesemaje juu ya kubaki?"

Tamsin alichezea mkate. "Hajasema. Wala sijamuuliza."

"Ulimwambia nini siku ile?"

"Nilimwambia afanye anavyoona."

Griet aliweka mwiko chini. "Ulimwambia Vandersluys afanye anavyoona? Wewe mtoto! Mwaka ule, tukiwa bado kwetu ng'ambo, baba yake aliniambia, Griet, twende Hobart mwaka mmoja tu, tukipenda tutakaa, tusipopenda tutarudi, waonaje? Na mimi kwa ujinga wangu nikasema, fanya unavyoona. Tazama." Alionyesha dirisha, ufuo, miti, mawingu. "Mwaka mmoja bado haujaisha."

Tamsin alicheka, lakini kicheko kilikatika. "Mama, kazi anaipenda. Nikimwambia rudi, atarudi, halafu atakaa sebuleni pale akitazama kusini."

"Na usipomwambia?"

Tamsin aliendelea kuuvunjavunja mkate. Griet alimwongezea supu bila kumuuliza, akaweka kipande cha soseji juu, kama anavyofanyiwa mgonjwa.

Jioni ile, nyumbani, Tamsin alifungua sura ya nne. Kulikuwa na mlinganyo mmoja unaosema kwamba wimbi likisafiri mbali mno chini ya barafu hudhoofika mpaka haliwezi tena kupimwa, ingawa halijaisha. Aliusoma mara mbili. Chini yake akaandika haraka, bila kufuta herufi:

*% Rudi. Nilikudanganya ile Jumapili. Sitaki ufanye unavyoona, nataka urudi na meli ya kwanza. Upande wako wa kitanda nimeujaza vitabu ili nisiuone mtupu. Nimechoka kuwa sawa.*

Alikaa akiutazama mstari ule. Ulipofika wakati wa kutuma, alitengeneza nakala, akauondoa humo, akaituma nakala iliyosafishwa. Mtu aliyemo gizani wiki nyingi, alijiambia, hatupiwi jiwe kama hilo. Lakini kwenye faili lake mwenyewe hakuufuta. Una madhara gani? Hauchapwi.

Agosti ilikimbia. Mitihani ya shule, mafua, jogoo wa jirani. Sura ya tano ikafika, ya sita ikafika. Siku moja akisoma sura ya nne kwa mara ya mwisho aliona sentensi zinazokatika bila sababu. "Barafu ilipofunika bahari kwa 80," halafu basi, aya mpya. Alirudi kwenye faili: Bram aliandika *80%*, na programu, ilipoona asilimia, ikadhani yanayofuata ni ya kujikumbusha tu, ikayaruka yote hadi mwisho wa mstari. Nusu ya hitimisho ilikuwa imemezwa.

Alipumua kwa hasira, akaongeza kanuni moja kwenye kanuni zake. Popote palipo na alama ya asilimia, itanguliziwe kijimstari kilicholala kinyumenyume; hapo programu itaiona kama alama ya kawaida na kuichapa. Akajaribu. Sentensi ikatoka nzima: *kwa 80% ya eneo lote.* Akatazama nyingine, nayo safi. Ilikuwa Ijumaa, kengele ya kipindi inakaribia kulia, darasa la kumi linamsubiri. Akaipitisha tasnifu yote, kurasa mia mbili na kitu, akamtumia Profesa, akafunga kompyuta na kwenda kufundisha hesabu za sehemu.

Jumatatu wakati wa mapumziko simu ililia.

"Tamsin," alisema Profesa Wickramage. Sauti yake ilikuwa ya ajabu, ya upole mno. "Una nafasi mchana? Sitaki uje ofisini. Tukutane bandarini, nitakununulia pai."

Walikaa kwenye benchi karibu na mashua za wavuvi, kila mmoja na pai yake ya kombe wa baharini, mvuke ukitoka, ndege shakwe wakiwasogelea kwa miguu. Profesa alikuwa na bahasha kubwa mapajani. Hakuifungua.

"Alama zote zipo," alisema. "Hakuna pengo hata moja. Kofia zimekaa kwenye vichwa vyake. Kazi nzuri mno."

"Asante, Profesa."

"Na mengine pia yapo."

"Mengine gani?"

Profesa alitafuna polepole. "Jogoo wa jirani yupo."

Tamsin hakuelewa. Kisha akaelewa, na pai ikamtoka mkononi ikaanguka chini, na shakwe wakaivamia kwa kelele. Kila asilimia. Alikuwa ameiambia programu: kila asilimia. Mistari yote iliyolala miezi yote imeamka ikachapwa kwa ile fonti nzuri ya kizamani, katikati ya milinganyo.

"Mkate ulioungua?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ukurasa wa thelathini na kitu."

"Na... miguu?"

"Na miguu ya baridi, na mambo aliyosema atayafanyia hiyo miguu akifika nyumbani." Profesa aliangalia maji. "Aya hiyo niliiruka. Nusu yake."

Tamsin aliufunika uso kwa viganja. "Profesa, naomba ardhi ipasuke."

"Haipasuki, nimeshawahi kuiomba. Sikiliza. Nilipaswa kuacha kwenye mstari wa pili, nikakupigia. Sikuacha. Nilisoma yote Jumamosi nzima, sikunywa hata chai. Unisamehe." Alimgeukia. "Watahini hawajapewa. Rekebisha, unitumie upya, mambo yameisha. Lakini kuna mstari mmoja nataka kukuuliza. Ule wa sura ya nne. Yeye anao?"

Tamsin alitikisa kichwa.

"Hana kabisa?"

"Niliutoa kabla ya kutuma."

"Kwa hiyo mimi ninao, na mumeo hana." Profesa alimfukuza shakwe kwa ncha ya kiatu. "Mume wangu yuko Kandy, nyumbani kwetu. Nilikuja hapa kwa mkataba wa muda mfupi. Kila mwaka tulikuwa tukiulizana nani amfuate mwenzake, na kila mwaka tunajibizana, amua wewe, mpenzi, mimi sina neno. Watu wastaarabu sana sisi. Hatujawahi kugombana." Aliikunja karatasi ya pai ikawa ndogo kabisa. "Sasa nastaafu, narudi kwake, na sijui anakunywa chai na vijiko vingapi vya sukari."

Tamsin alisogea karibu. Alimshika mkono, naye Profesa hakuuondoa.

Alipofika nyumbani hakuvua koti. Alifungua ile nakala ya kumtumia Bram, akaurudisha mstari ule mahali pake, bila kuongeza wala kupunguza neno, akatuma.

Halafu ikawa kimya. Hali ya hewa huko chini ilichafuka, antena ya akiba ikazimwa isije nayo ikaruka. Tamsin alirekebisha kanuni yake: asilimia iliyo mwanzoni mwa mstari iachwe ilale, iliyo katikati ya sentensi ichapwe. Safari hii hakuamini macho ya haraka. Alichapa kurasa zote, akaketi sakafuni karibu na jiko la kuni, akazisoma kwa sauti moja moja, mlinganyo kwa mlinganyo, kama mtu anayemsomea mgonjwa gazeti. Kila mahali palipokuwa na mstari wa Bram sasa palikuwa pamefungwa sawasawa, aya ikifuata aya, na mtu mwingine asingejua kwamba hapo palisemwa kitu. Yeye alijua. Alipopita hapo sauti yake ilisita.

Tasnifu ilikwenda kwa watahini kwa wakati wake. Jibu la Bram lilifika Septemba imeanza, chini ya mstari wake, sura ya nne:

*% Tam. Nilishakubali. Niliwajibu kesho yake, Jumatatu ileile. Ulisema uko sawa, sauti yako ilikuwa kavu, nikafikiri labda umezoea, labda nyumba imekuwa nyepesi bila mimi. Nikaona aibu kung'ang'ania kurudi mahali ambapo sihitajiki. Mimi ni mjinga. Wewe pia, kidogo.*

Na chini zaidi, inaonekana siku nyingine:

*% Nimekwenda kwa mkuu wa kituo. Kasema siwezi kuondoka na meli ya kwanza, hakuna wa kushika vipimo. Lakini kuna mama mmoja wa Fremantle anaweza kuja na meli ya mwisho. Machi. Nimemwambia Machi, asizidishe hata siku. Vitabu vitoe kitandani, lakini taratibu, mpaka Machi viwe vimekwisha.*

Tamsin alipiga meza kwa kofi. Alimtukana kwa sauti, chumba kitupu kikamsikia: mpumbavu, kichwa kama gogo. Kisha akajitukana mwenyewe. Siku moja tu. Kama yeye angesema kweli Jumapili ile, Bram angerudi Novemba. Alizunguka nyumba, akafungua dirisha, akalifunga. Alipotulia alimpigia Griet.

"Machi," alimwambia.

Upande wa pili kulikuwa na mlio wa sufuria. "Siyo mwaka mzima?"

"Siyo mwaka. Machi."

"Basi Machi," alisema Griet. Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ndogo, ya mzee. "Nilidhani sitamwona tena, mwanangu. Sikutaka kukuambia."

"Mama! Hata wewe?"

"Hata mimi. Sote wastaarabu, kama yule profesa uliyenisimulia."

Watahini waliikubali tasnifu Oktoba, pamoja na marekebisho madogo. Mmoja wao aliuliza kwa nini fonti ni ya kizamani hivi. Meli nyekundu ya kuvunja barafu iliondoka Hobart asubuhi moja ya Novemba, na Tamsin na Griet walikwenda kuitazama. Ndani yake mlikuwa na mafundi, na dishi jipya limefungwa kwa maturubai, na furushi la Bram: soksi za sufu alizofuma mama yake, jibini, na nakala ya tasnifu iliyojalidiwa, ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuiona kwenye karatasi. Kwenye ukingo wa kila ukurasa uliokuwa na mistari yao, Tamsin aliiandika tena yote kwa kalamu ya risasi, herufi ndogondogo, ya Bram na ya kwake.

Watu gatini walipunga mikono. Mtoto wa mtu alilia. Kamba zikaachiwa, maji yakachafuka rangi ya chai, meli ikajigeuza kwa uzito na kuanza kushuka mto Derwent.

"Twende, binti," Griet alisema baada ya muda, akijifunga skafu. "Upepo huu hauna huruma. Nina mkate tanuruni."

"Tangulia, Mama. Nakuja."

Griet alimfunga kifungo cha juu cha koti. Alikwenda kumngojea garini. Tamsin alibaki ukingoni, mikono ndani ya mifuko ya koti, akaifuata meli kwa macho ikipungua, ikapita nyumba za Sandy Bay, ikapita mnara wa pale ufuoni, ikawa doa jekundu, na hata doa lilipokwisha aliendelea kutazama pale lilipokuwa.